Jinsi ya kubuni banda la samaki Kisumu: mwongozo kwa mwanafunzi wa usanifu majengo

Ukipewa kazi ya studio, yaani zoezi la kubuni jengo, iliyo Kisumu, iwe soko, zahanati au maktaba ya mtaa, kuna jambo moja litakalokusumbua kuliko mengine yote: upepo mzuri na jua kali hutoka upande mmoja, alasiri ile ile. Ziwa liko magharibi ya mji. Nchi kavu ikishapata joto, hewa huanza kuvuma kutoka ziwani kuingia mjini, na wakati huo huo jua linateremka kuelekea huko huko. Ukilifungua jengo lipate upepo, jua linaingia nao. Ukilifunga kuzuia jua, walio ndani wanaiva. Mradi wako utasimama au kuanguka hapo, na jibu halimo kwenye kompyuta. Wanalo watu watakaokaa ndani saa hiyo.

Nitatumia banda la samaki ufukweni Dunga kama mfano, kwa sababu lina kila kitu: joto, maji, moshi, biashara, na watumiaji wasiokubaliana. Hatua zenyewe zinafaa jengo lolote. Pale nyumba ya kuishi inapodai jambo tofauti, nitasema.

1. Andika orodha ya watu kabla ya orodha ya vyumba

Karatasi ya kazi itakuambia idadi ya meza, ofisi, stoo na choo. Iweke kando kwanza. Chukua ukurasa mtupu uandike nani anafika, saa ngapi, amebeba nini, na anaondoka lini. Wavuvi wanaoingia asubuhi na mbuta (sangara) au ngege (sato). Wachuuzi, wengi wao wanawake, wanaowangoja. Vijana wa kuparua magamba na kupasua. Mama wa kukaanga. Wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Watu wa mikokoteni na bodaboda. Kamati ya ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU (Beach Management Unit). Wateja wa wikendi wanaokuja kula na familia. Watoto wanaomsubiri mama amalize kuuza.

Sasa tafuta wanaogongana. Muuza mbuta anataka kivuli tangu asubuhi hadi jioni, la sivyo samaki wake wanaharibika. Muuza omena anataka jua lote analoweza kupata, maana omena asiyekauka siku hiyo hupoteza bei. Mama wa kukaanga anataka upepo uondoe moshi lakini usimzimie moto. Mteja anayekula anataka upepo huo huo, bila moshi wake. Ukiwa na migongano mitatu au minne ya aina hii, tayari una mradi. Ukiwa na orodha ya vyumba peke yake, una kazi ya kupanga masanduku.

2. Fika ufukweni alfajiri, na usianze na kamera

Pitia kwanza ofisi ya BMU, ujitambulishe na kusema unasomea wapi na unatafuta nini. Kupiga watu picha kabla ya salamu kutakufungia midomo yote ya ufuo kwa siku nzima. Ukishapata ruhusa, tafuta mahali pa kukaa uombe nafasi kwa heshima:

"Oyawore, mama. Mimi ni mwanafunzi, nasomea kuchora majengo. Naomba nikae hapa kando niangalie mnavyofanya kazi."

"Karibu, mwanangu. Lakini hapo uliposimama ndipo karai hupita."

Jibu kama hilo liandike papo hapo kwenye mchoro wako wa saiti. Umeambiwa njia ya mzigo bila hata kuuliza.

Kisha chora kila kiraka. Gunia lililofungwa upande wa magharibi wa kibanda. Wavu mzee uliotundikwa kuwa pazia. Mwavuli uliofungwa kwa kamba kwenye nguzo, umeinamishwa. Masizi kwenye mabati, upande mmoja yamekolea na mwingine hakuna. Kila kiraka ni kazi ya mtu aliyeshindwa na jengo lililopo akajitengenezea lake. Ukivipima vyote, urefu na pembe, utakuwa na data ya hali ya hewa ambayo faili la kupakua haliwezi kukupa.

Pima na miili. Meza nyingi za wanafunzi zina kimo cha sentimita 90 kwa sababu programu imeziweka hivyo. Tazama ufukweni: anayeuza husimama, lakini anayeparua mara nyingi huketi kwenye kigoda kifupi, karai mbele yake, ubao magotini au chini. Meza ya sentimita 90 haimfai hata kidogo. Chukua kimo cha kiwiko cha anayesimama na kimo cha goti la anayeketi, kwa ruhusa yao, na uwape wote wawili nafasi.

Maswali nayo yana namna yake. Ukiuliza "Mnataka jengo la namna gani?" utajibiwa "Maji na choo," na ni kweli, viweke bila mjadala. Lakini uliza pia: "Mvua ya juzi ilipoanza, ulihamisha nini kwanza?" "Jioni meza hii huigeuza saa ngapi?" Mtu akieleza jambo alilolifanya, anaeleza kwa usahihi kuliko akieleza analolitaka.

3. Pima jua kwa kijiti cha mita moja

Kisumu iko karibu sana na ikweta, kama sehemu moja ya kumi ya digrii upande wa kusini. Maana yake ni kwamba Machi na Septemba jua la mchana hupita utosini. Juni hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na kila mara kwa digrii 23 na nusu hivi kutoka utosini.

Angalia saa yako kwa makini. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya 45, nayo Kisumu iko karibu 34.75. Tofauti hiyo ni kama dakika 41, kwa hiyo jua hufika kileleni karibu saa saba kasoro dakika ishirini, huku na huku kidogo kutegemea mwezi. Ndiyo sababu jioni za Kisumu ni ndefu kwa macho ya mtu wa Mombasa. Mwanafunzi aliyechora kivuli cha "saa kumi na moja" kwa jua la Nairobi, au bila kuweka mahali kabisa, amejidanganya kuhusu saa mbaya kuliko zote.

Chomeka kijiti cha mita 1 kikiwa wima, weka alama ya ncha ya kivuli kila saa. Ukienda mwezi Juni, kivuli kifupi kuliko vyote kitakuwa kama sentimita 43 na kitaelekea kusini. Desemba ni kiasi hicho hicho kuelekea kaskazini. Hesabu inayofuata ni rahisi: ukingo wa paa unaotokeza mita 1 upande wa kaskazini au kusini hutia kivuli kama mita 2.3 za ukuta wakati wa adhuhuri, hata katika miezi hiyo ya pembeni. Kuta hizo mbili zisikunyime usingizi.

Ukuta wa magharibi ndio wenye kesi. Saa kumi na moja jioni, Machi au Septemba, jua liko kama digrii 25 tu juu ya upeo wa ziwa, na ukingo ule ule wa mita 1 unatia kivuli karibu nusu mita ya ukuta. Hakuna ukingo wa kawaida utakaokuokoa. Unahitaji vitu vya wima au vyenye kina: miti, mapazia ya mafunjo, ukuta wa matofali yenye matundu, au varanda ndefu kwenda ndani. Mafundi na wafanyabiashara wa zamani walilijua hili. Tembea katikati ya mji, kwenye maduka ya zamani ya Oginga Odinga Street, uone jinsi njia ya miguu ilivyofunikwa mbele ya duka.

Usinakili mradi wa rafiki yako wa Nakuru. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130. Kule usiku ni baridi, na darasa hufurahia jua la asubuhi. Ukilileta dirisha lile lile Kisumu, utaulizwa kwa nini unawatesa watoto.

4. Uliza moshi kuhusu upepo, uliza wazee kuhusu mvua

Funga tepe nyepesi kwenye fimbo kwa vimo viwili, cha mtu aliyeketi na cha mtu aliyesimama, uzitazame asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kipimo bora zaidi kiko bure: moshi wa wakaangaji. Asubuhi mapema huenda ukauona ukilala kuelekea ziwani, kwa sababu usiku na alfajiri hewa hushuka kutoka nchi kavu. Baada ya adhuhuri unageuka. Mama wa kukaanga ameshaweka jiko lake kwa kufuata mgeuko huo, na wateja wake anawaketisha upande ambao moshi hauendi.

Mvua ina tabia yake. Mara nyingi mawingu ya alasiri hujengeka juu ya milima ya Nandi na kushuka kuelekea ziwani, na kabla ya matone kuanguka huja upepo wa ghafla unaoweza kung'oa mabati. Kwa hiyo upepo wa kila siku unaoutaka unatoka magharibi, na ule wa dhoruba usioutaka mara nyingi unatoka mashariki. Hii ni habari njema kwa msanifu: jengo linaweza kuwa na uso na mgongo. Lakini usiandike hilo kwenye mchoro kabla ya kulithibitisha saitini, maana vilima na majengo ya jirani hugeuza upepo.

Maji ya paa hesabu yake haina fumbo: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 200, mvua moja ya milimita 20, ni lita 4,000 kabla ya kutoa zinazomwagika. Chora gata na tangi vikiwa na ukubwa huo. Gata nyembamba kama kalamu inaonyesha hukuwahi kusimama chini ya mvua ya Kisumu.

5. Tafuta alama ya maji

Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964. Fuo nyingi zilifunikwa. Mwombe mzee yeyote wa ufuo akuonyeshe maji yalifika wapi, ataweka mkono ukutani. Pima kutoka hapo hadi ardhini uandike kwenye kila mkato utakaochora, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa wima.

Kuna njia mbili za kuishi na alama hiyo. Unaweza kuinua sakafu juu yake, ambayo ni ghali na inamlazimu mbeba mbuta kupanda ngazi akiwa na mzigo unaoteleza. Au unakubali kwamba ziwa litaingia mara chache: nguzo za zege mpaka juu ya alama, mbao zianzie hapo kwenda juu, meza zinazobebeka, na stoo na umeme pekee ndivyo viwe juu. Mimi ningechagua ya pili kwa banda la samaki na ya kwanza kwa zahanati, bila kusita.

Udongo: sehemu nyingi za tambarare ya Kano na mitaa ya chini ya mji zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Usichore msingi mwembamba juu yake. Mafundi huuchimba na kuuondoa mpaka kwenye tabaka gumu, kisha hujaza mawe na maramu. Onyesha hivyo, na ukumbuke gharama yake unapotamani jengo lisilo na ghorofa lililotandazwa kwa urefu.

6. Utamaduni hauko kwenye paa la nyasi

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wakisikia neno utamaduni, wanachora nyumba ya duara, nyasi juu, mapambo ya ngao ukutani. Jopo la wanaokagua miradi linapiga makofi ya adabu. Wakati huo huo, mambo ambayo watu wa hapa kweli huyachunga hayamo kabisa.

Chukua nyumba ya kuishi katika boma la Wajaluo. Boma lina mpangilio: nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazamana na lango, na simba, nyumba ya mvulana, huwa karibu na lango. Nani ajenge kabla ya nani ni jambo zito, linafuata umri. Kuna heshima kati ya wakwe ambayo haivumilii mlango wa chumba cha kulala kufunguka moja kwa moja sebuleni alipoketi baba mkwe, wala choo cha pamoja kilicho katikati ya mazungumzo. Mchoro wa mraba uliopangwa kwa heshima hiyo una utamaduni zaidi ya duara la nyasi lisilo nayo. Na kwa boma la Wajaluo au Waluhya vivyo hivyo, onyesha mahali pa kusimamisha hema la matanga na pa kupikia umati. Tena onyesha makaburi yaliyopo. Barabara ya gari iliyochorwa juu ya kaburi la babu itakumalizia mradi kabla hujafungua mdomo.

Ufukweni utamaduni ni mwingine. Kila mchuuzi ana mahali pake, na majirani zake wa meza mara nyingi ndio wenzake wa chama cha kukopeshana. Ukipanga meza upya kwa mistari mizuri ukawatenganisha, umevunja mikopo, malezi ya watoto na ulinzi wa mali kwa mpigo mmoja. Chora ramani ya nani hukaa na nani kabla ya kugusa meza.

7. Chora mkato kwanza, ramani baadaye

Mkato ndio unaoonyesha jua, upepo, mvua, alama ya maji na mtu, vyote pamoja. Uchore kwa kipimo cha 1:50, watu wakiwa na kimo chao halisi, na kila mshale wa jua uandikwe mwezi na saa.

Jibu moja linaloweza kufaa ni hili. Paa lishuke upande wa ziwa mpaka mita 2.1 kutoka sakafuni, na kutoka ukingo huo kuwe na varanda ya kina cha mita 3 kabla ya meza ya kwanza. Jua la digrii 25 likipita chini ya ukingo, linafika kimo cha meza ya sentimita 80 baada ya kama mita 2.8. Samaki wako kivulini mpaka karibu saa kumi na moja, na upepo unaingia kwa kimo cha mwili, ambako unahitajika. Baada ya hapo shusha mapazia ya mafunjo. Wanawake wa Dunga wana mafunjo karibu yao, na pazia likiharibika hutengenezwa hapo hapo. Paa lipande kuelekea mashariki ambako hewa ya moto hutokea juu, chini ya ukingo mpana unaozuia mvua ya dhoruba. Varanda yenyewe wape wateja wanaokula.

Chini ya mabati kuwe na tabaka la pili. Msanifu majengo Francis Kéré, aliyepata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022, alifanya hivyo kwenye shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: dari ya matofali yenye matundu, mabati juu yake yakiwa yameinuliwa ili hewa ipite katikati. Chukua wazo, usichukue umbo, maana Gando haina ziwa kama letu. Hapa dari ya mafunjo hupunguza joto na kelele za mvua. Isikaribie majiko, moto wa mafuta hauna mzaha.

Kwa nyumba ya kulala dari hiyo ina faida nyingine. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia upenyo kati ya ukuta na paa, na utafiti uliofanyika kwenye mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya uliona mbu ndani wakipungua sana nyumba zilipowekewa dari za mafunjo. Ukitaka kuacha upenyo kwa ajili ya hewa, weka neti na uichore. Mstari usio na neti hautahesabiwa.

Omena sasa. Paa la kimo cha mita 4 hurusha kivuli karibu mita 6 kuelekea magharibi saa tatu asubuhi, kwa hiyo chanja za kuanikia zisiwe hapo. Ziweke upande wa kaskazini au wa kusini, mita 3 kutoka kwenye ukingo wa paa, na hata Juni au Desemba zitapata jua kuanzia saa hiyo.

Sakafu: mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, mfereji wenye kizuizi cha magamba, na maji machafu yasielekezwe ziwani.

8. Rudi ufukweni na modeli ya katoni

Acha laptopu nyumbani. Picha ya kompyuta inayong'aa humfanya mtu aseme "ni nzuri sana" na kunyamaza. Modeli ya katoni yenye paa linalofunguka na meza zisizogundishwa humfanya anyooshe mkono. Iweke mezani, useme: "Mama, nionyeshe wewe unakaa wapi." Ataihamisha meza yake, jirani naye ataihamisha yake, na wataanza kubishana wao kwa wao kuhusu karai litapita wapi. Nyamaza uandike. Usitetee mchoro.

9. Fundi kwanza, jopo baadaye

Mpelekee fundi wa mbao na wa mabati mkato wako. Muulize maungio yapi hayajengeki, mabati ya urefu gani hupatikana dukani bila kukatwa, na paa litafungwaje lisibebwe na upepo wa dhoruba. Rekebisha.

Mbele ya jopo, karatasi ya kwanza iwe orodha ya watu na saa zao, ya pili viraka ulivyovipima, ya tatu mkato. Ramani zifuate. Atakayekuuliza kwa nini paa limeinama hivi, mjibu kwa mtu na saa: mchuuzi wa meza ya kwanza, saa kumi na moja, Septemba. Jopo hubishana na mitindo kwa urahisi kuliko linavyobishana na jibu la namna hiyo.

Nakala moja ya A3 iache kwenye ofisi ya BMU, vipimo vya meza, chanja na mteremko wa sakafu vikiwa vimeandikwa kwa Kiswahili. Fundi wa ufuo anaweza kutengeneza chanja moja kutoka hapo hata kama banda lenyewe halitajengwa.